Babu hayumo kwenye sensa: kisa cha kumtafuta mzee wa Kimakua kati ya Lindi na Masasi

Kisa hiki ni cha mfano. Kimejengwa kwa vipande ambavyo familia nyingi za Kusini zitavitambua, ili kazi yote ionekane kuanzia inapoanza hadi inapokwama.

Familia inaishi Lindi mjini. Inamtafuta babu yao, tumwite Yusufu, Mmakua aliyekuja pwani kukata mkonge Kikwetu na kufia Lindi mwaka 1962. Kaburi lake linajulikana, lakini kwao hakujulikani. Ukiuliza unaambiwa "Masasi", na Masasi ni kubwa. Ndani ya nyumba kuna kopo la biskuti lenye stakabadhi mbili za kodi na cheti cha hospitali, na kuna maneno yaliyorithiwa kwamba babu aliandikwa kwenye sensa ya Mwingereza mwaka 1948. Mjukuu mmoja akashika maneno hayo na kuandika barua kuomba nakala ya karatasi ya sensa yenye jina la babu.

Karatasi hiyo hatapewa, na ni vizuri aelewe kwa nini kabla hajapoteza nauli. Miongozo mingi ya kutafuta ukoo imeandikwa kwa watu wa nchi nyingine. Uingereza hufungua karatasi za sensa baada ya miaka 100, ndiyo maana ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Marekani husubiri miaka 72, na ile ya 1950 ikafunguliwa Aprili 2022. Huko mtu anakaa kwenye kompyuta na kumwona babu wa babu yake, mke, watoto, umri na kazi, wote katika mistari inayofuatana. Kwetu hesabu za mwanzo hazikuwa za namna hiyo. Hesabu ya Waafrika ya 1921 na ile ya 1931 zilipitia kwa maofisa wa wilaya na viongozi wa vijiji, na kilichopelekwa juu kilikuwa jumla. Sensa ya Agosti 1948 ndiyo ya kwanza kufanywa kwa utaratibu wa sensa hasa kwa Waafrika wa Tanganyika, lakini kilichochapishwa Nairobi baada yake ni majedwali ya wilaya na makabila. Ya 1957 ni hivyo hivyo. Kuanzia ya 1967 kuna ripoti nyingi na nzuri, ila taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri kisheria. Sheria ya Takwimu ya 2015 inasema zitumike kwa takwimu tu. Hata ukienda na cheti cha kifo cha babu, huonyeshwi dodoso lake.

Kwa hiyo huenda Yusufu alihesabiwa kweli mwaka 1948. Yumo ndani ya tarakimu, ila jina lake halimo.

Hapo wengi huiacha sensa, nasi tunaona wanakosea. Majedwali yale hayatakupa mtu, lakini yatakuambia mtu huyo umtafute chini ya jina gani la mahali na jina gani la kabila, na hayo mawili ndiyo yanayoua utafiti mwingi wa Kusini.

Tuanze na mahali. Wakati wa Mjerumani, Masasi, Newala na Mikindani zote zilikuwa chini ya boma la Lindi, hivyo mtu wa Masasi wa mwaka 1910 anatafutwa kwenye majalada ya Lindi. Wakati wa Mwingereza tunayo Masasi kama wilaya ndani ya Jimbo la Kusini. Katika sensa ya 1967 Lindi nzima iko ndani ya Mkoa wa Mtwara, kwa sababu Mkoa wa Lindi ulikatwa kutoka Mtwara mwaka 1971. Anayefungua ripoti ya 1967 na kutafuta "Mkoa wa Lindi" hatauona, na wapo wanaohitimisha kwamba kurasa zimepotea. Baadaye zikazaliwa Ruangwa, Tandahimba na Nanyumbu kwa kukata wilaya za zamani. Chukua karatasi moja, andika kijiji unachokifuata upande wa kushoto, kisha kwa kila mwaka wa sensa andika wilaya, mkoa au jimbo lililokishika. Kazi ya saa mbili hiyo, na itakuokoa miezi.

Kabila nalo lina mitego. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kutoa hesabu kwa makabila. Baada ya hapo swali likaondolewa. Katika majedwali ya zamani Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji waliandikwa Mawia, mbali na Makonde wa upande wetu. Familia inayosema "sisi Wamakonde" inaweza kuwa inatafuta safu isiyo yake. Kwa Mmakua tatizo ni kwamba Wamakua wapo pande zote mbili za mto na hesabu ya kabila haikuambii mzee alizaliwa upande gani. Ukiwa na majina ya wilaya tatu, kwa mfano Masasi, Newala na Tunduru, jedwali la 1948 au 1957 linakuonyesha Wamakua walikuwa wengi wapi, na hapo unajua uanzie wapi kusoma. Nakala za ripoti hizo zipo kwenye maktaba kubwa. Mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni pa kuanzia.

Sasa tumrudie Yusufu, na tuanzie nyumbani.

Kosa la kwanza la familia ya Lindi ni kuwauliza watoto wa Yusufu peke yao. Kwa Wamakua, kama kwa Wayao na Wamakonde, ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto ni wa nihimo, yaani ukoo, ya mama yake. Watoto aliowazaa Yusufu pwani ni wa nihimo ya mke wake, na hawakuwa na sababu kubwa ya kukariri mambo ya nihimo ya baba. Wanaoyajua ni watoto wa dada zake, wale waliomwita mjomba. Kwa hiyo swali la kwanza si "baba yake babu ni nani?" bali "dada zake babu ni nani, na walizaa akina nani?" Familia ikikumbuka hata dada mmoja, kazi imepungua nusu.

Kuna jambo jingine katika desturi hiyo ambalo makarani hawakuliandika kwa kuwa kila mtu alilijua. Mwanamume wa Kimakua au wa Kiyao alizoea kuhamia upande wa mke. Basi kijiji kilichoandikwa kwenye stakabadhi ya mtu mzima kinaweza kuwa kijiji cha wakwe, na kwao kukawa mwendo wa siku moja kutoka hapo. Vilevile kijana aliyelelewa na mjomba anaweza kuandikwa kama mwanawe. Ukiona "mtoto wa fulani" kwenye daftari la miaka ya 1920, weka alama ya kuuliza pembeni mpaka upate ushahidi wa pili.

Cheti cha hospitali cha 1962 kinasema Yusufu alikuwa na miaka 70. Ukitoa unapata 1892. Usiandike mwaka huo popote. Umri unaoishia na sifuri au tano mara nyingi ni makadirio ya karani aliyemtazama mgonjwa mvi na mikunjo. Makarani wa sensa wenyewe walijua hivyo, ndiyo maana walitumia kalenda ya matukio: ulikuwa umezaliwa wakati wa jambo gani, umeoa kabla au baada ya jambo gani. Fanya kama wao. Kwa Kusini matukio ya kushika ni Majimaji ya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata, mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa karanga wa Nachingwea ulioanza 1947, kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, reli ya kutoka Mtwara iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vita vya Msumbiji kuanzia 1964.

Wazee wa Lindi wana mambo mawili ya kusema juu ya Yusufu. Kwanza, mama yake alimbeba mgongoni wakati wa njaa ya Majimaji. Pili, vita vilipofika Mahiwa alikuwa ameshatoka jandoni, lakini alikuwa mdogo mno kubebeshwa mzigo wa jeshi. Ukichukua jando kati ya miaka 7 na 12, la pili linatoa kuzaliwa kati ya 1905 na 1910. La kwanza linakaza hadi karibu 1905 mpaka 1908. Cheti kimemwongezea mzee miaka zaidi ya kumi. Kwa hesabu hiyo alianza kudaiwa kodi kwenye miaka ya 1920, na huko ndiko pa kutazama, wala si 1910 kama cheti kingetupeleka.

Kopo la biskuti sasa. Kabla ya kusoma, mambo machache ya mkono. Usiinyooshe karatasi kavu kwa nguvu, itakatika kwenye mkunjo. Iache wazi chumbani siku moja mbili ilegee kidogo. Usiipige nailoni ya mashine na usiibandike selotepu. Gundi inageuka njano na kula wino. Ipige picha karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni, mara moja mbele na mara moja nyuma, kisha iweke kwenye bahasha yake na maelezo yaandikwe kwa penseli juu ya bahasha.

Stakabadhi ya kwanza ni ya 1936. Imekunjwa mara nne, na mkunjo wa kati umekula herufi mbili za jina la jumbe, kiongozi wa kijiji wa enzi hizo. Maandishi ya kuchapwa ni ya Kiingereza, yaliyojazwa ni ya wino uliokuwa wa bluu nzito na sasa ni kahawia. Jina limeandikwa "Usufu", bila herufi ya mwanzo, kama karani alivyolisikia. Nyuma kuna alama ya kidole gumba. Ya pili ni ya 1943, mkono mwingine, "Yusuf", na jumbe ni mwingine kabisa, wa upande wa Lindi.

Watu huzitazama stakabadhi hizi kama kumbukumbu tu, lakini zikiwa mbili zinasema jambo ambalo moja haiwezi kusema. Jumbe wa 1936 na jumbe wa 1943 ni tofauti, hivyo mtu alihama kati ya miaka hiyo. Na kipindi hicho kinaeleweka: mwaka 1942 Wajapani waliposhika Ufilipino na visiwa vya Indonesia, mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita, na mashamba yakahitaji watu kwa maelfu, wengine wakichukuliwa kwa lazima. Mtu wa bara kuonekana pwani mwaka 1943 si ajabu. Cha kupima ni kama alishuka kabla ya wimbi hilo au pamoja nalo.

Tazama pia kiasi cha fedha. Viwango vya kodi vilipangwa kwa wilaya, hivyo kiasi kilichoandikwa kinaweza kulinganishwa na kiwango cha wilaya unayoikisia kwa mwaka huo. Kama hakilingani, ama wilaya si hiyo, ama mtu alilipia zaidi ya nyumba moja. Mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, alidaiwa zaidi. Stakabadhi ya 1936 ya Yusufu ina kiasi cha mtu mmoja, kwa hiyo kama alikuwa na mke, alikuwa mmoja.

Hatua inayofuata ni jina la jumbe wa 1936, na hapa ndipo tunapopendekeza safari ya Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa. Kinachotafutwa ni Kitabu cha Wilaya ya Masasi. Vitabu vya wilaya ni mafaili yaliyojazwa na mabwana shauri, yaani maofisa wa wilaya wa Kiingereza, mmoja baada ya mwingine: historia za makabila kama walivyosimuliwa, mipaka, orodha za maakida na majumbe, hesabu za walipa kodi. Nakala zake za filamu ndogo zipo pia London, ila kwa mtu wa Lindi Dar es Salaam ni karibu. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho inayosema wazi unatafuta nini, beba penseli maana kalamu za wino hazikaribishwi karibu na nyaraka, na uliza kuhusu kupiga picha kabla hujatoa simu. Kila unachonakili, nakili na namba ya jalada na ya ukurasa. Nukuu isiyo na namba utairudia tena mwakani.

Jambo la kuangalia sana: majina ya majumbe wa Kimakua na Kiyao hurithiwa. Anayekalia kiti anachukua jina la aliyekiacha. Newala, kwa mfano, palikuwa na Matola, kisha Matola mwingine baada yake. Kwa hiyo kuliona jina la jumbe kwenye maandishi ya 1890 na tena ya 1936 hakumaanishi mtu yule yule aliishi miaka yote hiyo, na hakumaanishi pia kwamba makazi yalikuwa pale pale. Kijiji kiliitwa kwa jina la jumbe, na jumbe akihama, jina linahama naye. Kwa kisa chetu, orodha ya majumbe inaziba zile herufi mbili zilizoliwa na mkunjo na kutuonyesha eneo: bonde la Lukuledi, upande wa Ndanda.

Ndanda maana yake Wabenediktini, watawa wamisionari wa Kikatoliki, walioanza hapo mwaka 1906 baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Majimaji. Na Wabenediktini maana yake vitabu. Lakini Yusufu ni Mwislamu, mjukuu atasema, amezikwa kwa sanda na talakini. Ndiyo, Lindi alikufa Mwislamu. Swali ni alikuwa nani kabla hajashuka pwani. Kubadili dini kwa mtu wa bara aliyehamia mji wa pwani, akaoa hapo na kuzika hapo, lilikuwa jambo la kila siku. Na jina Yusufu lina ndugu yake wa misheni.

Andika orodha ya maumbo yote ya jina kabla ya kugusa kitabu chochote. Mjerumani aliandika sauti ya "y" kwa herufi J: Wayao kwake ni Wajao, na Yusufu angekuwa Jusufu. Juma aliweza kuwa Djuma. Kwenye vitabu vya Kanisa Katoliki vilivyoandikwa Kilatini jina ni Josephus, katika barua za wamisionari, Josef, kijijini, Yosefu, kwa karani wa kodi, Usufu. Anayetafuta herufi Y peke yake atafunga kitabu na kusema hayumo. Kwa majina ya Kiyao ongeza umbo lenye "Che" ya heshima mbele, ambayo makarani walizoea kuigandisha na jina. Na kwa wanawake jiandae kukuta "binti Saidi" bila jina lake mwenyewe, jambo linaloudhi lakini ndivyo lilivyo.

Daftari la ubatizo limepangwa kwa tarehe, halikupangwa kwa majina, hivyo unasoma mstari kwa mstari. Hesabu muda kabla ya kumsumbua paroko: parokia yenye ubatizo 200 kwa mwaka, miaka 10, ni mistari 2,000. Kwa sekunde 10 kila mstari ni saa tano na nusu bila kupumzika. Panga siku mbili. Usitume ujumbe wa "naomba mnitafutie Yusufu". Andika jina na maumbo yake, miaka ya kuanzia na kuishia, jina la jumbe au kijiji, na ueleze kwamba utasoma mwenyewe chini ya uangalizi wao. Tarajia mapengo: wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini wakati wa Vita vya Kwanza, na kumbukumbu za miaka hiyo na iliyofuata hazina mtiririko.

Mstari wenyewe, ukiupata, husomeka hivi: namba, jina, tarehe, kisha "circ. 18 ann.", yaani karibu miaka 18, wazazi wametajwa kwa majina yao ya Kimakua na mbele yake "pag.", kuonyesha hawajabatizwa; msimamizi, ambaye mara nyingi ni katekista; jina la padre. Halafu kuna ukingo wa ukurasa, na ukingo ndio wenye utajiri. Kanisa Katoliki huandika ndoa pembeni ya ubatizo. Kwa Josephus wa mwaka 1926, ukingo unataja ndoa ya 1931, jina la mke na kijiji cha mke. Familia ya Lindi haikuwahi kusikia juu ya mke huyo.

Hapa ndipo furaha huwaponza watu. Kwenye miaka hiyo kumi wapo kina Josephus wawili wa umri unaokaribiana katika parokia ile ile. Jina na kabila havitoshi kuchagua, kwa sababu wote wawili wanavyo. Tunashauri usiunganishe watu wawili wa nyaraka mpaka wakubaliane kwa mambo matatu yasiyotegemeana, na jina lisiwe mojawapo: jumbe, mke, mjomba au dada, mwaka wa kuondoka. Josephus wa kwanza ana msalaba mdogo na mwaka 1929 ukingoni. Alikufa, hawezi kulipa kodi 1936. Anabaki wa pili, na kubaki peke yake si ushahidi bado.

Kuna kitabu ambacho watafiti wengi hawakiulizii kwa kuwa hawakijui: status animarum, daftari la waumini nyumba kwa nyumba. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliwataka maparoko wawe nalo pamoja na vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo. Si kila parokia ililitunza vizuri, lakini palipotunzwa, hiyo ndiyo sensa yenye majina ambayo mjukuu alikuwa akiitafuta tangu mwanzo, ila iliandikwa na padre, si serikali. Nyumba ya Josephus ina yeye, mke, mtoto mmoja wa kike na mama mkwe, jambo linalolingana na desturi ya mume kuhamia kwa mke. Juu ya jina lake kuna mstari wa wino na neno moja la Kilatini, "abiit", ameondoka, na mwaka 1938.

Mwaka 1938 unaangukia kati ya stakabadhi mbili. Jumbe wa kijiji cha mke ni yule yule wa stakabadhi ya 1936. Mambo mawili yamekubaliana. Na sasa tunajua pia kwamba hakuchukuliwa na wimbi la mkonge wa vita, alitangulia.

La tatu halimo kwenye karatasi. Vijiji vya zamani vya bondeni vilihamishwa, vingine mapema kwa sababu ya hali ya mpaka wa Ruvuma, vingine katika operesheni ya vijiji ya 1973 hadi 1976. Ukienda na jina la 1936 kwenye ofisi ya kijiji cha leo, kijana wa ofisini atakutazama tu. Waulize wazee: "Mahame ya jumbe fulani yako wapi?" Mahame yanatambulika kwa miembe mikubwa iliyosimama kwa safu pasipo na nyumba, vigae vya vyungu na makaburi yaliyozama. Waliotoka hapo wanajua nani alikaa chini ya mwembe upi.

Mjukuu anaelekezwa kwa bibi mmoja, mtoto wa dada.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu, kaa mkekani."

Anamtaja Yusufu. Bibi anatikisa kichwa. Hapa hawana Yusufu. Wanaye mjomba Yosefu, aliyemwachia mkewe mtoto wa kike akaenda pwani, wakamtolea sadaka miaka mingi wakidhani amekufa. Jina la mke huyo bibi analitaja bila kuulizwa, lile lile la ukingoni.

Kosa la kuepuka katika mazungumzo kama haya ni kuweka jina mdomoni mwa mzee. Ukiuliza "mke wake alikuwa fulani, siyo?" utajibiwa ndiyo kwa adabu, na ushahidi umeharibika. Mwache aseme, rekodi kwa ruhusa yake, na uandike nani alikuwepo.

Kwenye jalada la familia sasa kila jambo liwekwe daraja lake. Thabiti: Yusufu alilipa kodi chini ya jumbe wa bonde la Lukuledi mwaka 1936 na chini ya jumbe wa Lindi mwaka 1943. Karibu thabiti: ndiye Josephus aliyebatizwa 1926, akaoa 1931, akaondoka 1938. Makadirio: alizaliwa kati ya 1905 na 1908. Hadithi isiyothibitika: sensa ya 1948, kwa maana ya jina lake kuonekana mahali.

Kilichobaki ni kwao hasa, maana kijiji tulichokipata ni cha mke. Bibi ametaja nihimo, na ametaja jina la tatu, lile alilopewa Yusufu alipotoka jandoni, ambalo halimo kwenye stakabadhi wala kitabu cha padre. Kama aliandikishwa kodi kabla ya ubatizo wa 1926, aliandikishwa kwa jina hilo, na huenda chini ya jumbe wa mjomba wake. Kwa hiyo mjukuu anarudi Nyaraka za Taifa na orodha mpya ya maumbo ya jina, na miaka ya kusoma ni 1921 hadi 1926.